Kisusio na Damu Iliyokuwa Ikivuja

Shikamooni wazee wangu, na wanajumuiya wote nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenisimamisha hapa leo. Mnanijua, mimi bila kuuliza silali. Basi hata ugonjwa wangu niliuuliza.

Ulianza na uchovu tu. Nikitoka shambani na mkungu mmoja wa ndizi, moyo unapiga mbio, natafuta pa kukaa. Nikasema ni uzee. Kushuka Moshi kupima, wakakuta uvimbe kwenye utumbo. Saratani! Wakasema utolewe kwa upasuaji.

Nikarudi huku kwetu Kilema, akachinjwa mbuzi. Wifi yangu akanipikia kisusio, ile supu yetu ya damu, kama anavyopikiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Nikanywa mpaka majirani wakanicheka. Nikarudi hospitali kifua mbele, wifi akinisindikiza.

Daktari akasoma majibu. "Mama, hatuwezi kukupasua sasa. Damu yako iko chini sana."

Ndugu zangu, nawaambia, nilipandwa na hasira! "Iko chini vipi, na mbuzi nimemmaliza?"

Akacheka. Mimi nilikuwa naogopa. Uvimbe unakua, halafu wananirudisha nyumbani? Nikamvuta wifi koridoni, nikamwambia twende kwingine wakanipasue haraka. Wifi akanikazia macho: "Leo maswali yako yameishia wapi? Rudi ukamuulize."

Nikarudi. Daktari akavuta kiti. "Huo uvimbe unavuja damu kidogo kidogo, wewe huioni. Unajaza pipa lililotoboka. Kisusio ni chakula kizuri, ila peke yake hakiwezi kuwahi. Nikikupasua hivi, ukipoteza damu kidogo tu, huna akiba. Hata ukitoka salama, kidonda kinaweza kuchelewa kupona."

Lo! Kumbe hawakuwa wamenitupa. Nikauliza na mengine mpaka nesi akaja kuchungulia.

Wakanitundikia dripu ya madini ya chuma, wakanipangia tarehe ya karibu ya upasuaji. Taratibu pumzi ikarudi, kilima cha nyumbani nikakipanda bila kukaa. Ndipo nikapasuliwa. Uvimbe ukatoka, kidonda kikafunga vizuri.

Asante daktari kwa kunivumilia, asante wifi. Nanyi ndugu zangu, ukichoka bila sababu kapime damu, usisingizie umri. Ukiambiwa subiri, uliza kwa nini kabla hujakimbia.

Na siku ile ya upasuaji niliongezewa damu. Baadhi yenu mlishuka mjini kuichangia. Nimeuliza ni ya nani niliyowekewa, wamekataa kuniambia. Kwa hiyo nawaangalia wote hapa, na nawapenda wote, maana sijui ni yupi kati yenu ambaye natembea na damu yake.