Paka Aone Njia

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa na kikapu mapajani, na ndani ya kikapu paka mkubwa, mtulivu kuliko sisi abiria wote. Mzee aliyekaa pembeni yake hakuvumilia. "Mama, ile paka iko muzima, haiko katoto tena. Ukimubeba macho wazi vile, kesho anarudia kwenye ametoka. Kamata saki yangu, umufungie mule." Saki yenyewe, gunia tupu, ilinuka samaki wa Kinkondja, paka peke yake ndiye aliyeifurahia.

"Mama Zaituni alinikatalia," mama akajibu. "Ye njo analeaka paka zenye bantu banatupa inje, mpaka zipate nyumba. Alisema: aone njia. Mukimutesa, ajue kurudia kwangu."

"Basi hakukupa paka, mama. Alikuazima."

"Miye siko mubaya, papa! Hatarudia."

"Kama hatarudia, weye unaogopa saki ya nini?"

Paka alitazama barabara bila kupendelea upande. Basi lilipokuwa linasimama kwenye kituo chake, mama bado alikuwa anasema lazima paka aone njia, na kiganja chake kilikuwa kimemfunika macho tangu kona ya mwisho.