Mzee Pua na Mahindi Yaliyoanikwa Upya

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1959 hadi 1966, ambako, tusimpambe kwa kuwa amelala, alisifika zaidi kwa kupiga miluzi.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mpokea mizigo kwenye kinu cha nafaka, na huko ndiko alikopewa jina la Pua, kwani alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, akamimina punje kiganjani, akanusa mara moja, na likiwa na ukungu lilirudi lilikotoka, hata kama mwenyewe ni shemeji yake.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa posta, wakajaliwa watoto wanne na ugomvi mmoja, nao ulikuwa mahindi yaliyokataliwa, kwa kuwa baba hakumuuzia mtu kitu kibovu lakini roho ilimuuma kikitupwa, hivyo yale ambayo wenyewe waliyatelekeza kinuni aliyabeba nyumbani, akayaosha, akayaanika juu ya bati mpaka harufu ikaisha, akayasaga na kuyala kwa fahari, huku mama akimwambia kwamba tumbo si jalala na watoto wake hawataugusa unga ule, naye akijibu kwamba pua yake haijawahi kumdanganya.

Mwaka 2019 miguu ilianza kuvimba, vipimo vikaonyesha figo zinachoka, na daktari alipomuuliza anakula nini, baba alieleza utaalamu wake wa juani kama anayefundisha, mpaka daktari akaweka kalamu chini, akamwambia kwamba ukungu huacha sumu ndani ya punje, haina harufu, haimalizwi na jua wala kwa kupikwa, na aina mojawapo ya sumu hiyo inashukiwa kudhuru figo, ingawa hakuweza kuapa kuwa ndiyo iliyomfikisha pale, maana shinikizo la damu nalo lilikuwepo. Mwingine angenuna, baba alinogewa, akauliza je, yakilowekwa, je, yakichanganywa na mazima, na mbona panya wanayala, hadi foleni ya nje ikaanza kukohoa makusudi. Alipeleka punje zake maabara, sumu ikapatikana, akazinusa tena, akacheka, akasema kumbe alikuwa akiitoa harufu nje na kumbakiza mwenye harufu ndani.

Kilichomkosesha raha ni kitindamimba wetu, aliyekuwa akila naye sahani moja mama akiwa kazini, na ambaye kila alipoombwa akapime alipiga danadana, hata baba, figo zilipozidi kuchoka akaandikiwa kusafishwa damu kwa mashine, akagoma mpaka binti atangulie maabara, akatangulia huku analia na kumwita mkaidi, majibu yakaja mazuri, na baba akanyoosha mkono afungiwe mashine.

Alifariki tarehe 6 Februari 2023, mama akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa kwa kutoona haya kusema hapa hatujui, majirani mliofungua maghala yenu na kuyatupa mahindi yenye ukungu bila kubembelezwa, na wenzake wa kinuni, ambao sasa hawaishii kunusa, wanapeleka sampuli kupimwa.

Pumzika kwa amani, baba, kitindamimba wako amepima tena wiki hii, bila kusukumwa na mtu, na figo zake ni nzima.