Maître Ruben Hajaandika ya Kwake

Mheshimiwa Meya, ninyi mawakili wenye kanzu nyeusi, poleni na joto, Papa Pasta, Mama Gisèle, muke wa Maître, wajane na wazee wa kila kata, na ninyi ndugu za Maître, muliofika leo mapema kuliko viti: ninawasalimia wote, kila mumoja kwa heshima yake.

Mimi ni Mama Léontine, sekretere wa biro ya wakili wetu, Maître Ruben, kwa miaka thelathini na tatu. Leo anastaafu. Nimeambiwa nimusifu, na nitamusifu, lakini nitangulize ukweli mumoja: muntu huyu ameandikisha testamenti, karatasi za urithi, za nusu ya muji huu, watu wa reli, watu wa bandari, mpaka wavuvi wa Zongwe, na yeye mwenyewe hana hata mustari mumoja. Muganga hajigangi, sawa. Lakini siku akituacha, Mama Gisèle atalala wapi?

Munajua desturi ya biro yetu ilianza namna gani? Ilianza kwa kosa, na mimi njo niliyelilipia. Mume wangu Michel, fundi wa reli, aliandika testamenti kwa Maître kwamba nyumba na vyombo ni vyangu na watoto. Maître, kijana wa tai mupya, akaifungia bahasha ndani ya kabati la chuma, kwa sababu masomo yalimufundisha kwamba siri ni siri. Michel akafa. Siku ya tatu ya kilio Maître akafika, akakohoa, akasoma kwa sauti nzuri sana kwamba kitanda ni cha Léontine. Kitanda kilikuwa kimekwisha kupanda boti ya Moba pamoja na shemeji yangu. Kwa kweli, nilitaka kumupiga kiatu.

Alirudi kesho yake bila tai, akaniomba musamaha, akanipa kazi. Tangu siku ile desturi yetu njo hii: testamenti inasomwa mwenyewe akiwa hai, nyumbani kwake, mbele ya ndugu zake wote, halafu watu wanakula bukari na ndakala, ugali na dagaa wetu. Kule Zongwe, muzee mumoja alisomewa yake, ndugu yake mudogo akanung'unika kwamba amepewa wavu tu. Muzee akamwambia, "Nung'unika leo, ningali na mudomo wa kukujibu." Kuna sheria gani inayoshinda hiyo?

Sasa, mwezi wa sita Maître alipasuliwa tumbo. Siku ya pili tu, Papa Achille, ndugu yake mukubwa, huyu hapa mwenye koti la buluu, alikuja biro kuniuliza kwa upole hati ya parsele, kiwanja cha nyumba yao, iko wapi, eti aitunze. Papa Achille, usiangalie chini, tunakupenda. Nilimwambia imeliwa na panya. Nilidanganya, Papa Pasta, na sijatubu.

Nilipomuuliza Maître kwa nini haandiki, alisema: "Léontine, nikiandika, nitakuwa nimekubali kufa." Iliniuma. Lakini Maître, Michel hakuogopa? Hao wote uliowapa kalamu, hawakuogopa?

Kwa hiyo keki ya kukuaga haikatwi mpaka uandike ya kwako. Karatasi iko mbele yako, na kalamu hii hapa. Mukono wako mwenyewe, tarehe, na sinyatire, sahihi yako, chini: wewe njo ulitufundisha. Tutangoja.

Anaandika. Mwacheni amalize.

Anataka nisome. "Mimi Ruben, ningali na akili zangu, ninataka Gisèle abaki katika nyumba yetu maisha yake yote, na muntu yeyote asimuombe ufunguo. Niliogopa. Anisamehe."

Papa Achille, una neno? Anasema sasa keki ikatwe.

Basi, ninawashukuru kwa kunipa masikio yenu, hata ninyi muliokuja kwa ajili ya keki. Mama Gisèle, futa machozi, mama. Karatasi hii ni yako. Itie katika mukoba wako mwenyewe.