10,001 Si Namba Tasa

Basi la Mikumi lilipotoka Kilosa, Mwanvua alijiegemeza dirishani apate kusinzia. Hakupata. Kwenye kiti cha mbele yake, Mama Loveth alikuwa akimwonyesha jirani yake, mwalimu mstaafu, daftari la bintiye.

"Tazama, mwalimu. Mtoto kaandika 10,001 si namba tasa, kawekewa kosa. Alipobisha, kapigishwa magoti mbele ya wenzake. Sasa hataki tena shule!"

Mzee akavaa miwani. "Mama, hiyo ni tasa. Haigawanyiki kwa mbili, wala tatu, wala saba, wala kumi na tatu. Nimefundisha miaka thelathini."

"Na sabini na tatu, ulijaribu?"

Mzee akarudisha macho kwenye daftari. Hata Mwanvua, aliyeachana na hesabu darasa la saba, alijua kuwa mzee hakujaribu.

Mama Loveth akampa simu yake. "Zidisha sabini na tatu kwa mia moja thelathini na saba."

Mzee akabonyeza taratibu, akafuta, akabonyeza tena. Ikaja 10,001.

"Tasa gani huyo mwenye watoto wawili?" mama akafoka.

"Sawa. Lakini mtoto habishani na mwalimu. Aombe radhi kwanza."

"Radhi kwa kupata?"

"Kwa kukosa adabu."

"Na magoti yake yaliyochubuka, nani atayaomba radhi?"

Basi likasimama Mikumi. Mama Loveth alishuka mbiombio kuelekea shuleni kwa bintiye, akisahau simu. Mzee akamfuata nayo. Mwanvua aliwaona wakiongozana barabarani, kila mmoja akiongea, hakuna anayemsikiliza mwenzake.