Nyumba ya Bibi Severina Inasubiri Wageni

Kijiwe chetu kipo Lizaboni, hapa Songea, kwenye kona ambapo barabara ya lami inaachana na ile ya vumbi inayopanda kigangoni, kwenye kanisa dogo la parokia: benchi mbili, jiko la mkaa la Muhsini, birika lake la kahawa, na mafundi ambao simu zao haziiti. Otto ni mwashi. Tunamwita Lenta, maana hamalizi dakika tano bila kuitaja lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Gaspari ni seremala wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, tunamwita Injinia. Aliwahi kumshikia futi mhandisi wa barabara kwa wiki mbili na mpaka leo hajapona. Mzee Wendelini si fundi, ni mjumbe wa halmashauri ya walei, anakuja kunywa kahawa na kutukumbusha utaratibu. Mimi wananiita Bomoa. Jina lenyewe ni la Julai mwaka huu, na silipendi.

Julai walikuja vijana kumi na wawili wa kujitolea, kutoka parokia rafiki ya Ujerumani, wiki mbili, kuja kumjengea nyumba Bibi Severina. Ni mjane, hana mtoto aliyebaki, na jumuiya ndiyo iliyomchagua. Alikuwa na kijumba chake cha udongo, kina ufa, ila hakivuji. Mimi ndiye niliyekibomoa, asubuhi moja tu, tena naimba, ili wageni wakute kiwanja kitupu. Wageni wakapandisha ukuta mpaka usawa wa lenta, wakachovya viganja kwenye rangi wakavigonga ukutani, kila mmoja na jina lake chini, wakalia, wakapanda gari. Walisema Julai ijayo watarudi kumalizia. Tangu siku hiyo Bibi Severina analala jikoni, kwenye kibanda cha nyasi kinachopitisha mwanga kila upande. Leo ni Novemba katikati, na mimi siku hizi sikai nikatulia. Nanyanyuka, natazama mlima Matogoro, nakaa, nanyanyuka tena.

Mimi: Limesogea.

Otto: Nini hicho?

Mimi: Wingu. Jana lilikuwa nyuma ya mlima, leo liko juu yake.

Gaspari: Kaa chini bwana, unatutia kizunguzungu. Wingu la Novemba linatishia tu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

Otto: Sasa Injinia, hiyo methali inakuunga mkono wewe au yeye?

Gaspari: Inaniunga mimi. Wamesema dalili. Hawajasema mvua.

Muhsini: Kwetu Lusewa juzi imenyesha. Shemeji kanipigia, mahindi wameshapanda.

Niliposikia hivyo nikasimama tena. Muhsini si mtu wa maneno mengi, anamimina kahawa na kurudisha chenji, kwa hiyo akisema imenyesha, imenyesha.

Otto: Mimi nasema kila siku, shida ilikuwa hesabu ya siku. Walikuja kwa siku kumi na nne. Tukawapokea kwa ngoma ya lizombe siku mbili nzima. Siku moja tukawapeleka Hanga kwa watawa. Jumapili mbili hizo ni za Bwana. Siku moja mbuzi, siku ya kuaga. Zimebaki ngapi?

Gaspari: Saba.

Otto: Saba, na chai mara tatu kwa siku. Kijana akishika tofali, kina mama wanamnyang'anya: pole mgeni, kaa upumzike, chukua muhogo. Ukuta haujengwi kwa muhogo! Ndiyo maana tumefika lenta tukakwama.

Mzee Wendelini: Ulitaka tuwapokee kwa koleo?

Otto: Si wenyewe walikuja kwa ajili ya koleo, mzee?

Mzee Wendelini: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Otto: Haya, siku ya tatu tuliwapa nini?

Mzee Wendelini akanywa kahawa. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya Hanga.

Mimi: Mzee, mimi nina swali moja. Bati ziko wapi?

Mzee Wendelini: Stoo ya kigango. Zimehifadhiwa vizuri.

Mimi: Na mbao?

Mzee Wendelini: Zipo. Na misumari, na saruji mifuko sita. Tumeweka juu ya vichanja, panya hawafiki.

Mimi: Kwa hiyo vitu vyote vipo.

Mzee Wendelini: Vyote. Halmashauri haichezi na mali ya watu.

Otto: Lenta siku mbili, iachwe ikauke. Injinia na kenchi zake siku mbili. Kuezeka siku moja. Ndani ya wiki mbili Bibi anahamia.

Mzee Wendelini: Nyie vijana mna papara. Wale wageni waliianza kwa mikono yao na wameomba waimalize kwa mikono yao. Na tukiimaliza sisi, hebu niambieni, Julai watakuja kufanya nini?

Hapo ndipo mabishano yetu yanapokwama kila siku, maana hapo ndipo penye mfupa. Wale vijana hawakuja na mikono mitupu. Walileta miwani ya wazee, na Mzee Wendelini mwenyewe anasoma masomo ya misa kwa miwani hiyo. Walileta viti vya watoto wa chekechea. Mtoto wa dada yake Otto, yule mwenye mguu uliopinda, wamemwahidi kiatu maalumu. Wakikosa kazi ya kuwaleta huku, kiatu kitakuja na nani? Ndiyo maana hata Otto, pamoja na kelele zake zote, hajawahi kubeba mwiko kwenda kule. Mimi simlaumu. Najilaumu mimi.

Gaspari: Tena mimi nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Wale hawakukwama. Wameiacha kwa makusudi.

Otto: Anza sasa.

Gaspari: Kwao, mtu akitaka kurudi mahali, anaacha kitu. Anaacha mwavuli, anaacha koti. Hawa wameacha ukuta. Ukiezeka ile nyumba ni sawa na kumrushia mgeni koti lake dirishani, umemwambia usirudi.

Mzee Wendelini: Hilo lina mantiki.

Otto: Mantiki gani? Mwavuli wa mtu ukiachwa kwako si unautumia mvua ikinyesha?

Gaspari: Subiri. Kuna la pili. Vyeti. Wale ni vijana wa chuo, hawaji bure. Wakirudi wanapewa cheti kwamba fulani amejenga nyumba Afrika. Sasa cheti hakitoki mpaka nyumba iishe kwa mkono wake yeye. Tukiezeka sisi, watoto wa watu kumi na wawili wamefeli. Utaibeba hiyo dhambi, Lenta?

Otto: Nani kakwambia?

Gaspari: Inajulikana. Halafu watajuaje kwamba tumeezeka? Watu hawaulizi hilo. Kuna mitambo juu kule inapiga picha dunia nzima. Bati jipya linang'aa. Siku linapigiliwa, jioni yake mtu yuko kwao ameshika simu anaona: aah, Songea wameshamaliza, hawatuhitaji.

Muhsini: Basi tupake bati matope.

Tulicheka, hata mimi nilicheka, kisha nikajichukia. Nikasimama. Wingu lilikuwa palepale, ila chini yake palikuwa pameanza kuwa peusi.

Otto: Mimi naona tatizo ni vile viganja. Ukifunga lenta, mchirizi wa zege unashuka ukutani. Ukichafua kiganja cha yule binti mrefu, aliyekuwa analia zaidi ya wote, utamwambia nini?

Mimi: Otto, na wewe?

Otto: Nasema tu, Bomoa. Ni kazi ya kuangaliwa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mimi: Nyama gani? Ni mwanamke wa miaka sabini na sita analala karibu na mafiga!

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mama wa vitumbua ng'ambo ya barabara akageuka. Ukweli ni kwamba nimeacha kupita njia ya kwa Bibi. Nazungukia shuleni, ni mbali, lakini nazunguka. Wiki iliyopita alinikuta bombani. Nilitegemea anifokee. Akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za watoto, akasema, "Ukiwaona wazee wa kigango nisalimie." Bora angenifokea.

Mzee Wendelini: Punguza sauti. Bibi mwenyewe amelalamika?

Mimi: Hajalalamika.

Mzee Wendelini: Basi. Mvumilivu hula mbivu. Halmashauri imempelekea turubai.

Otto: Turubai lile lile la harusi ya mtoto wa Egidi? Lina matundu kama chujio.

Mzee Wendelini: Matundu yameshonwa mawili.

Gaspari: Na kuna la mwisho, sikutaka kulisema mbele ya mzee.

Mzee Wendelini: Sema.

Gaspari: Picha. Siku ile ya kuaga walipiga picha ile nyumba bila paa, Bibi kasimama mlangoni. Mimi naamini picha hiyo imebandikwa kanisani kwao, kubwa, ukutani. Watu wanapita wanaiombea, Ee Bwana, uikumbuke nyumba isiyo na paa. Sasa sisi tukiweka paa, ile picha inakuwa nini?

Mzee Wendelini: Inakuwa nini?

Gaspari: Inakuwa uongo, mzee. Uongo, ndani ya kanisa, na watu wanauombea. Dhambi hiyo ni ya nani? Ni yetu, tuliopiga misumari.

Mzee Wendelini alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliona kabisa kwamba hoja imemwingia.

Mzee Wendelini: Hili nitalipeleka kwa Baba Paroko.

Otto: Hebu ngojeni. Kwa hiyo Bibi anyeshewe ili picha iwe ya kweli?

Gaspari: Mimi sijasema anyeshewe. Mimi ni mtu wa kenchi, nimeeleza upande wa kitaalamu.

Muhsini: Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Gaspari: Hiyo haihusiani.

Muhsini alichochea mkaa. Mimi ndiye niliyebaki na ile methali kifuani. Mbachao wa Bibi, kile kijumba chake, niliuangusha mimi kwa nyundo, na msala wenyewe umepita, umekwenda Frankfurt.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mgeni. Tulikuwa tunamwona kwa mbali tangu wiki iliyopita. Anaitwa Leticia, amehamishiwa hapa kutoka Madaba, amepanga chumba nyuma ya kiwanja cha Bibi Severina. Sketi ina chaki, mkononi ana mfuko wa nyanya.

Leticia: Shikamooni, wazee wangu.

Tuliitikia wote, hata sisi ambao wazee hatujawa.

Leticia: Nimeambiwa mafundi wanapatikana hapa. Natafuta wa kuezeka.

Usidanganyike ukiona mafundi wamekaa benchi. Otto alikuwa ameshasimama, Gaspari ametoa penseli sikioni.

Gaspari: Umefika, mwalimu. Nyumba ya vyumba vingapi?

Leticia: Vyumba viwili. Kuta zipo, nzuri tu, ila zimeishia juu ya madirisha. Hapo kwa bibi jirani yangu. Jana nilisikia anakohoa usiku kucha, leo asubuhi nimeingia kumwona, kitanda chake kiko juu ya majivu. Nikaona ukuta mzima umesimama pale nje, nikashangaa.

Gaspari akarudisha penseli sikioni. Otto alikaa taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana mgongo.

Mzee Wendelini: Mwalimu, karibu Songea. Wewe ni mgeni, hujui historia. Ile nyumba ina utaratibu wake.

Leticia: Utaratibu gani, mzee?

Mzee Wendelini: Ina wenyewe. Wanakuja Julai.

Leticia: Julai hii iliyopita?

Mzee Wendelini: Ijayo.

Leticia alihesabu kwa vidole, kimyakimya, kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Alipofika kidole cha nane akaacha.

Leticia: Samahani, mzee. Sitaki kuingilia mambo ya watu. Ile nyumba ni ya nani?

Mzee Wendelini: Ile nyumba ni ya...

Akaishia hapo. Akamtazama Otto. Otto akamtazama Gaspari, mtu wa majibu yote, na Gaspari akawa anakikagua kikombe chake kama kina ufa. Muhsini alikuwa ameinua birika, akabaki nalo hewani bila kumimina.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu Julai, na kila mtu pale benchi alikuwa nalo. Lakini lile jibu ukilitoa tu, huwezi tena kubaki umekaa. Itabidi unyanyuke, ukafungue stoo, ukakoroge zege. Na mimi, niliyekuwa nasimama na kukaa siku nzima, wakati huo ndio nikawa nimekaa kabisa.

Leticia: Nimeuliza vibaya?

Alisubiri kidogo, kwa adabu, akahamishia mfuko wa nyanya mkono wa pili.

Leticia: Basi si neno. Nitakwenda kumuuliza bibi mwenyewe anataka nini.

Akaondoka kufuata barabara ya vumbi. Miezi minne tumekaa pale tukiwawaza Wajerumani, na kumuuliza Bibi hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukumbuka.