Salamu Zilizokatwa Hewani

“Mkwe, kwanza nikusalimu, habari za huko mjini...”

“Mzee, hewani hakuna mkwe wala salamu. Sema ujumbe, badili.”

“Wewe! Habari nzito humtupii mtu kama mfupa kwa mbwa!”

“Unakalia laini ya serikali, mzee. Mwisho.”

Ndivyo walivyogombana kwenye simu ya upepo, tarehe 14 Machi 1973, marehemu Zefania Manase na baba mkwe wake, Mzee Gasto, mlinzi wa kambi ya visima pale Mtinko, na ndugu waombolezaji mtuwie radhi kuanzia hapo, maana marehemu mwenyewe aliagiza jambo hili lisomwe mbele yenu kabla hajafukiwa.

Zefania alizaliwa Mgori mwaka 1940, akasoma hadi darasa la nane, na tarehe 5 Agosti 1961 akafunga ndoa na Lea binti Gasto, wakajaliwa binti, Yunisi, mwaka uliofuata. Mwaka 1965 aliingia jeshini, akawa mtu wa mawasiliano, akafundishwa kwamba “badili” ni kumpa mwenzako zamu ya kusema, “mwisho” ni kufunga mazungumzo, na kwamba anayeongea sana hewani anamwonyesha adui alipo. Alitoka jeshini mwaka 1971, akaajiriwa kwenye simu ya upepo ya ofisi ya maji mjini Singida, wakakaa mtaa wa Mandewa, naye akawabana madereva na walinzi kwa sheria zilezile, ingawa uraiani hapakuwa na adui.

Siku ile ya Machi Lea alikuwa kwao Mtinko, ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na baba yake alikuwa anaomba gari, lakini kwa desturi zetu baba hamtajii mkwe uchungu wa binti yake kabla ya kumwandaa kwa salamu. Alipokatwa, kwa hasira hakupiga tena, akampakia Lea kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Lea alipona, mtoto wa kiume akafia njiani, na Mzee Gasto akaapa kwamba hatakanyaga kwa Zefania, awe hai au maiti.

Tangu hapo Zefania alimsalimu kila mtu hewani, hata madereva wakamtania, “Afande, leo hujauliza hali ya mbuzi wangu!” Alipeleka wazee Mtinko pamoja na kondoo wa suluhu, wakarudishwa pamoja na kondoo wao. Mwaka 1974 familia ilihamia kijiji cha ujamaa hapa Mgori, na mwaka 1976 kifua kikamlaza, Yunisi akaacha masomo akiwa darasa la saba ili amuuguze, na kila mbwa alipobweka marehemu aliuliza kama ni mkwe wake amekuja. Alifariki tarehe 9 Februari 1977, bila kumwona.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani mliolima shamba letu wakati wa kuuguza, na wenzake wa ofisi ya maji mliotuletea gari. Zefania, mume na baba, upumzike, umechoka vya kutosha.

Asubuhi hii, kabla hatujatoka kuja hapa, Mzee Gasto alifika na jembe begani, ametembea kwa miguu kutoka Mtinko, Lea akasimama kumzuia kwa kumkumbusha kiapo chake, naye akasema pale mlangoni:

“Nipishe, binti yangu. Kaburi la huyu nachimba mimi.”