Jina la Saba Nyuma ya Karatasi

Sikilizeni wanangu. Clémence, wewe mukubwa, kaa hapa kichwani. Delphin, funga mulango, baridi ya ziwa inaniingia mifupani. Na wewe Merveille, kitinda-mimba wangu, acha kulia kwanza, machozi yako uyaweke, utayahitaji Jumamosi. Daktari aliwaambia ninyi huko inje mukadhani sikusikia. Mutu aliyeongoza salle, ule ukumbi wa michezo wa parokia ya Kasha, miaka ishirini na mbili anazoea kusikia wanaonong'ona nyuma. Basi nitasema mara moja, na musinikate, kwa maana pumzi iko kidogo na maneno iko mengi.

Nyumba hii ni ya ninyi watatu, na asiwepo wa kumufukuza mwenzake. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya Clémence. Kabati la michezo, pamoja na panya wake, ni la Merveille, kwa sababu ndiye peke yake aliyerithi ujinga wangu wa jukwaa. Shamba la Mumosho ninamuachia ndugu yangu Apollinaire, papa mudogo wenu. Delphin, nimekuona ukikunja uso. Kunjua. Miaka tisa mumepita mbele ya mulango wake bila kumusalimu, mukijua tuligombania shamba. Hatukugombania shamba hata siku moja. Ni mimi niliyewaambia hivyo, na niliwadanganya.

Munajua kazi yetu ya Jumamosi ilivyokuwa. Mutu akiandika muchezo, hatukuupandisha jukwaani siku hiyo. Wasomaji walikaa kwenye viti na makaratasi mukononi, bila nguo za kuchezea, bila kushika maneno kichwani, wakausoma mbele ya kila aliyetaka kuja, wamama wa soko, wanafunzi, wauza makala ya kupikia. Kisha wenye neno waliandikisha jina, na kila mumoja alisema mahali alipoguswa na mahali usingizi ulipomubeba. Mwandishi alikaa pembeni kwenye kigoda, na muiko wake ulikuwa mumoja: hajibu mpaka mutu wa mwisho kwenye orodha awe amesema. Muiko huo niliuweka mimi, kwa sababu mwandishi anayejitetea hasikii. Michezo mingi iliingia pale ikichechemea na ikatoka ikitembea, nami nikavimba kichwa, nikajiona fundi asiyekosea.

Siku moja Évariste, mutoto pekee wa Apollinaire, alileta muchezo wake. Ulikuwa juu ya kijana wa shule ambaye baba yake anafyatua matofali. Baba anakuja shuleni na udongo mpaka magotini, amemuletea mutoto kalamu aliyoisahau. Wenzake wanauliza, huyu ni nani? Kijana anajibu, "Mimi simujui huyu muzee." Nani katika Mumosho hakujua kwamba ni Apollinaire na matofali yake? Lakini Évariste hakuishia pale. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja, wa mwisho, kijana anashuka mpaka kwenye tanuri, anapiga magoti mbele ya wafyatuaji wote, anaosha miguu ya baba yake kwa mikono yake, na anasema jina la baba kwa sauti. Muchezo wote uliandikwa kwa ajili ya ukurasa ule.

Asubuhi ile, kabla ya kupeleka makaratasi kwenye fotokopi, nilitafuta kipande cha kuandikia orodha ya watakaosema. Nikavuta karatasi ya chini kabisa, upande wake mumoja ukiwa mweupe, nikaikunja, nikaiweka mufukoni. Sikuigeuza. Hilo tu, wanangu. Mukono ulivuta bila macho.

Basi wakasoma mpaka arobaini, na wakanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na zaidi. "Mimi simujui huyu muzee" ikawa ndiyo mwisho. Apollinaire alikuwa musitari wa mbele, na koti alilofungia ndoa. Watu wakaanza: mutoto gani huyu, laana gani hii, shule imewaharibu. Évariste akanitazama kutoka kwenye kigoda, akafungua mudomo aseme, nami nikamuonyesha kidole: muiko. Akanyamaza, maana aliniheshimu. Nilipofika jina la sita niligeuza karatasi kuona kama kuna nafasi ya kuandika, nikaona maneno yaliyopigwa mashini, na juu yake arobaini na moja.

Ningesimama. Ningesema, wandugu, nimekosea, mwisho iko hapa mukononi mwangu. Lakini kulikuwa na padri mugeni, kulikuwa na wanafunzi wangu, na mimi nilikuwa Papa Théodore. Niliona haya. Nikageuza tena karatasi na kuita jina la saba, Apollinaire. Alisimama, akashika kofia yake, akasema, "Mimi sina neno," akatoka kabla Évariste hajapata ruhusa ya kujibu.

Mutoto aliandika upya ukurasa ule akamupelekea baba. Baba, ambaye hajui kusoma, akamuambia, "Hii umeiandika jana kwa sababu ya haya. Uniletee ile ya siku ile." Évariste akaja kwangu, hapa, kwenye mulango huo aliofunga Delphin. "Papa mukubwa, nakuomba, tafuta vizuri, inaweza kuwa ilibakia kwako." Nikamuambia sikuiona. Ilikuwa katika kitabu changu cha sala, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Yeye aliandika juu ya kijana anayesema simujui. Mimi ndiye niliyemukana yeye kweli kweli.

Akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu, ili asirudi kwa baba mikono mitupu. Mvua ikaja, shimo likaanguka. Munakumbuka tulivyomuzika. Apollinaire hakunipa mukono kaburini, akisema salle yangu ndiyo iliyomufundisha mutoto kumukana, na hapo ndipo nikatunga habari ya shamba ili ninyi musiulize. Muficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeumbuka, wanangu. Nililia kila Jumamosi ya miaka hii tisa, lakini machozi ya siri hayamulipi mutu.

Sasa mushike haya. Clémence, fungua kitabu cha sala, kwenye Wiki Takatifu. Karatasi iko pale, na majina nyuma yake kwa mukono wangu. Delphin, kesho ushuke Mumosho wewe mwenyewe. Usitume mutu, usitume simu. Upige magoti, umuambie papa mudogo kila neno nililosema, halafu umuombe aje Jumamosi. Akikutukana, ubaki magotini. Merveille, mutasoma muchezo wa Évariste wote, makaratasi mukononi, mpaka arobaini na moja. Kama niko muzima, munibebe na godoro hili na muniweke pembeni, mahali pa mwandishi. Kama siko... muweke kigoda kitupu.

Na mukimaliza kusoma musifanye orodha mupya. Ile ya zamani haijaisha. Sita walisema, wa saba alitoka bila kusema. Muite jina lake. Lolote atakalosema, hata akinilaani, musimujibu, musinitetee, hata wewe, Clémence, unayenipenda bila kuuliza. Muiko ni ule ule.

Maji... hapana, midomo tu. Inatosha.

Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, awape kuzeeka mukiwa pamoja. Awape mudomo wa kusema "nimekosea" siku ile ile, kabla jua halijazama. Mulango wa ndugu usiwe mugumu kwenu. Nimewabariki, wewe Clémence, wewe Delphin, wewe... njoo, weka kichwa hapa. Wewe Merveille.

Leteni karatasi. Soma, Merveille mwanangu... pole pole, mahali anapoosha miguu. Nataka nilisikie jina la baba mara moja kwa sauti ya mutu. Sijalisikia bado. Halafu nitanyamaza, na munyamaze nami... mpaka Apollinaire aseme.